Filamu ipi ya hip hop uwaonyeshe vijana: ya Byron Hurt, ya N.W.A, au nyingine?

Una jioni moja, projekta moja na muda wa saa mbili na nusu. Darasa la uandishi wa habari au klabu ya vijana mtaani inataka kujadili jinsi Mtu Mweusi wa Marekani anavyochorwa kwenye televisheni, sinema na video za muziki kupitia hip hop, na kazi ya kuchagua filamu imekuangukia wewe. Jina linalotajwa kwanza karibu kila mahali ni Straight Outta Compton, sinema juu ya kundi la rap la N.W.A. Inajulikana, nyimbo zake zinaimbwa, na viti vitajaa. Lakini kama ni jioni moja tu, sisi tunashauri uiweke kando na uchukue Hip-Hop: Beyond Beats and Rhymes ya Byron Hurt. Sababu ziko hapa chini, pamoja na hali ambazo ushauri wetu unageuka.

Kigezo chetu ni kimoja. Mjadala wa taswira hufa pale washiriki wanapobaki kubishana kama rapa fulani ni mtu mwema au muovu. Unaanza kuzaa pale wanapouliza picha ile ililipiwa na nani, ilichaguliwa na nani, na nani aliachwa nje wakati wa kuhariri. Filamu inayofaa ni ile inayowapa watazamaji nyenzo za kuuliza hayo, hata kuihusu filamu yenyewe.

Ya Byron Hurt (2006, saa moja hivi)

Hurt aliwahi kuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani chuoni, kisha akafanya kazi ya kuwaelimisha wanaume kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Ni shabiki wa hip hop na anasema hivyo tangu mwanzo, na hilo linaipa filamu uhalali ambao mhubiri kutoka nje asingeupata. Anakwenda kwa marapa, wakuu wa makampuni, wasomi na vijana wa kawaida na kuwauliza swali moja kwa njia nyingi: kwa nini mwanamume Mweusi tunayemwona kwenye video ni wa aina moja tu, mgumu, mwenye bunduki, mwenye pesa, aliyezungukwa na wanawake wasio na majina?

Nguvu yake iko katika vipande vitatu.

Cha kwanza ni vijana wanaotafuta mkataba wa kurekodi. Mbele ya kamera wanatema mistari ya kuua na kupora, mmoja baada ya mwingine, kwa ufundi kabisa. Hurt anapowauliza kwa nini ni hayo tu, wanaonyesha kwamba wanaweza kurapu mengine, ila wanaamini makampuni hayatoi mikataba kwa mistari ya aina hiyo. Hapa darasa lolote huamka, kwa sababu ghafla ule "ukweli wa mtaani" unaonekana kuwa pia barua ya kuomba kazi.

Cha pili ni maneno ya Carmen Ashhurst, aliyewahi kuwa rais wa Def Jam, lebo kubwa ya hip hop. Anaeleza kwamba kipindi ambacho muziki uligeukia ugangsta, yaani rap ya bunduki na uhalifu, ndicho kipindi ambacho makampuni makubwa yalizinunua lebo ndogo, na haoni kama ni bahati tu. Ni dakika chache, lakini ndizo mhimili wa mjadala mzima. Ukikosa kila kitu kingine, hakikisha hapo watu wamesikia vizuri.

Cha tatu ni Spelman, chuo cha wanawake Weusi kilichopo Atlanta. Mwaka 2004 wakfu wa rapa Nelly ulitaka kufanya shughuli ya kusajili watu wa kujitolea uboho chuoni hapo. Dada yake alikuwa na saratani ya damu. Wanafunzi walikuwa wameiona video ya wimbo wake Tip Drill, ambamo kadi ya benki inapitishwa katikati ya makalio ya mwanamke, wakamtaka aje pia ajibu maswali juu ya video hiyo. Shughuli ikafutwa. Tunakipenda kipande hiki kwa sababu hakina mshindi: uhitaji wa uboho ni wa kweli na mara nyingi wagonjwa Weusi hukosa wafadhili wanaolingana nao, na hasira ya wale wanafunzi nayo ni ya kweli. Gawa darasa makundi mawili hapo na utapata nusu saa ya mazungumzo bila kusukuma.

Ina kasoro pia. Imetoka kabla simu na mitandao haijawa jukwaa kuu la video, kwa hiyo adui wake mkubwa ni BET, televisheni iliyowalenga Wamarekani Weusi, ambayo vijana wengi wa leo hawajawahi kuitazama. Wanawake wanaozungumza wengi wao ni wasomi na wanaharakati. Marapa wa kike ni wachache. Na kile kipande cha tamasha la BET huko Daytona Beach, ambapo wanaume wanawashika wanawake hovyo mbele ya kamera, kinarudia kwa macho yetu jambo lile lile kinalolilaani. Usikiruke. Kiulize: je, kulikuwa na njia nyingine ya kulionyesha? Pia kuna sehemu juu ya chuki dhidi ya mashoga, ambapo Busta Rhymes anaulizwa na anaondoka kwenye mahojiano. Itazame wewe kwanza, uijue hadhira yako, na uamue mapema utaiendesha vipi.

Straight Outta Compton (2015, dakika 147)

Hii ni sinema ya kuigizwa, iliyoongozwa na F. Gary Gray kwa ajili ya studio ya Universal, na Ice Cube na Dr. Dre, waliokuwa wanachama wa N.W.A, wakiwa miongoni mwa watayarishaji. Weka hilo la mwisho kichwani muda wote: wanaosimuliwa ndio waliokaa mezani kuamua kinachosimuliwa.

Kwa suala la polisi haina mpinzani katika orodha hii. Kile kipande ambacho wasanii wanalazwa kifudifudi kando ya barabara nje ya studio huko Torrance, karibu na Los Angeles, meneja wao mzungu Jerry Heller akibishana na askari, kinaeleza kwa dakika chache jambo ambalo mhadhara wa saa nzima hauwezi. Baada yake unakuja wimbo wao wa kuwalaani polisi, kisha barua ya afisa wa FBI ya Agosti 1989 kuulalamikia wimbo huo kwa Priority Records, kampuni iliyowasambaza, kisha onyesho la Detroit ambako wanauimba licha ya kukatazwa. Barua hiyo ni ya kweli. Ni mfano mzuri wa chombo cha dola kuingilia taswira: N.W.A walisema wanaripoti mambo ya mtaani kwao, serikali ikasoma ni uchochezi, na magazeti yakaipa sauti ile tafsiri ya pili.

Tatizo ni kinachokosekana. Mwaka 1991 Dr. Dre alimpiga Dee Barnes, mtangazaji wa kipindi cha hip hop kwenye televisheni, na mahakamani hakupinga mashtaka. Sinema haina hata sekunde moja ya jambo hilo. Ilipotoka, Barnes aliandika juu ya kuachwa kwake, akaeleza kwamba Gray mwenyewe alikuwa mpiga picha katika kipindi chake siku zile. Baada ya hapo Dre akaomba radhi kupitia New York Times kwa wanawake aliowaumiza. J.J. Fad nao, kundi la wasichana la Ruthless Records, lebo ile ile ya N.W.A, ambalo wimbo wao Supersonic ulivuma mwaka 1988 na kuteuliwa katika Grammy ya kwanza kabisa ya rap, hawaonekani. Wanawake waliobaki ni mama, mke, na wale wa kwenye vyumba vya hoteli.

Hapo tusimame kidogo, maana ndipo penye somo. Mwaka 2014, wakati wa kutafuta waigizaji wa ziada, tangazo la wakala mmoja liliwapanga wanawake katika makundi A hadi D. Kundi la A walitakiwa warembo kuliko wote wenye nywele zao halisi, B wawe weupe wa ngozi, na D walielezwa kuwa wanawake Weusi maskini, wasio na umbo zuri, wenye ngozi ya wastani hadi nyeusi. Tangazo lilizua hasira, wakala akaomba radhi, na Universal ikasema haikuliidhinisha. Usiwaambie watazamaji kabla. Waonyeshe sinema, waulize waandike mwanamke wa ngozi nyeusi zaidi alikuwa wapi kwenye fremu na alipewa maneno mangapi, halafu ndipo uwasomee makundi yale manne. Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, walikozoea kuona krimu za kujichubua dukani na mabinti wa ngozi ya maji ya kunde wakipewa nafasi ya mbele kwenye video, swali hili halihitaji kuelezwa mara mbili.

Na kuna la tuzo. Uteuzi wa Oscar wa mwaka 2016 uliipa sinema hii, yenye waigizaji wakuu na mwongozaji Weusi, nafasi moja tu: hadithi asilia ya filamu. Waandishi walioteuliwa wote walikuwa wazungu.

Kwa hiyo tofauti kuu kati ya hizi mbili ni hii. Ya Hurt inauliza maswali mbele yako, ikiwa na makosa yake yakionekana. Straight Outta Compton ni yenyewe jambo la kuulizwa. Kikundi ambacho tayari kinajua kusoma picha kitafaidika zaidi na ya pili. Kikundi kipya kitaondoka na mashujaa wapya na basi. Ndiyo maana tunaiweka jioni ya pili au ya tatu.

Muda nao unaamua. Dakika 147 ukiongeza utangulizi zinazidi saa mbili na nusu, hujasema neno. Waandaaji wengi hujidanganya kwamba watajadili "wiki ijayo", na wiki ijayo nusu ya watu hawarudi. Ukiilazimisha, onyesha vipande viwili: Torrance hadi Detroit, na hotelini. Jumla isizidi dakika 40.

Bamboozled (2000, dakika 135)

Spike Lee alitengeneza kejeli kali juu ya mwandishi Mweusi wa televisheni anayebuni kipindi cha waigizaji waliojipaka masizi usoni, akitegemea kitakataliwa, na badala yake kinapendwa taifa zima. Desturi ya kujipaka masizi ni ya karne ya 19, wazungu wakiigiza Weusi kama wajinga wanaocheza na kucheka. Filamu inaonyesha utayarishaji wake kwa karibu: vizibo vya chupa vinachomwa, vinasagwa kuwa unga, vinachanganywa na maji, kisha mkono unaupaka uso ambao tayari ni mweusi. Tommy Davidson na Savion Glover wanaicheza hali ile mpaka unatamani kugeuka pembeni.

Hip hop imo kupitia kundi la marapa wanaojiita Mau Mau, jina lililochukuliwa kwa wapiganaji wa Kenya wa miaka ya 1950. Mos Def ni mmoja wao. Lee hawahurumii: wanapiga kelele za mapinduzi bila kuyajua, na mwisho wao mikononi mwa polisi, ambapo mzungu pekee wa kundi anabaki hai na kulia kwa nini hakuuawa na wenzake, ni moja ya hoja kali zaidi alizowahi kuzitoa kuhusu rangi. Kwa Wakenya kuna jambo la ziada la kuzungumza, kwa kuwa Dandora ya Nairobi na Mombasa zilitoa kundi la rap la Ukoo Flani Mau Mau, waliolibeba jina hilo wakiwa na historia yake nyumbani.

Tunaipendekeza kwa wanafunzi wa chuo peke yao, na iwe na mwongozaji wa mjadala aliyejiandaa. Kejeli yake inategemea mtazamaji kujua vipindi na katuni za zamani za Marekani. Asiyezijua anaweza kucheka pasipo nia ya mtengenezaji, na hapo umesambaza kile kile ulichotaka kukipinga. Sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali za wakati huo, picha ina chenga, na ukiikuza kwenye ukuta mchafu inachosha macho. Kama huna muda, onyesha mkusanyiko wa picha za zamani uliopo mwishoni. Unajitegemea na hauhitaji tafsiri.

Style Wars (1983, dakika 70 hivi)

Hii ya Tony Silver na Henry Chalfant inahusu zaidi michoro kwenye mabehewa ya treni za New York, pamoja na wacheza breki. Faida yake kwa mjadala huu ni kwamba ilipigwa kabla makampuni makubwa hayajaamua hip hop ifanane na nini. Wachoraji ni Weusi, Waporitoriko, na wazungu pia, akiwemo Seen. Kuna mazungumzo ya jikoni kati ya kijana Skeme na mama yake, asiyeelewa kwa nini mwanawe aende kwenye mahandaki ya treni usiku. Mama yeyote wa Buguruni au Kayole angejitambua pale. Dakika 10 za mwanzo zinafaa kama kionjo kabla ya filamu ya Hurt. Nzima inafaa klabu ya sanaa za kuchora.

Kuna pia mfululizo wa Hip-Hop Evolution, vipindi 16, unaoongozwa na Shad, rapa wa Kanada aliyezaliwa Kenya kwa wazazi Wanyarwanda. Ni historia safi ya muziki, nzuri kumpa mtu aitazame nyumbani. Kwa suala la taswira unapita juu juu, kwa hiyo hatuuweki kwenye mashindano haya.

Kuiendesha jioni yenyewe

Kwa filamu ya Hurt, gawanya saa mbili na nusu hivi: utangulizi dakika 10, filamu dakika 60, vituo viwili katikati vya dakika 10 kila kimoja, mapumziko dakika 10, mjadala dakika 40. Dakika 10 zinazobaki ni za mashine kugoma, na itagoma. Kituo cha kwanza kiwe baada ya vijana wa mistari ya bunduki, cha pili baada ya Spelman. Usisimamishe mara nyingi zaidi; watu hupoteza uzi na kuanza kuchezea simu.

Utangulizi uwe wa tarehe chache zinazobeba hoja. Mei 1991 jarida la Billboard lilianza kuhesabu mauzo ya albamu kwa takwimu za SoundScan, mfumo unaorekodi mauzo kwenye kaunta, badala ya kuwapigia simu wenye maduka. Juni mwaka huo albamu ya N.W.A ilishika namba moja, na makampuni yakaona kwa macho jinsi rap ngumu inavyonunuliwa hadi kwenye vitongoji vya wazungu. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliondoa kikomo cha kitaifa cha idadi ya redio ambazo mmiliki mmoja anaweza kuwa nazo, na kampuni ya Clear Channel ikafikia zaidi ya vituo elfu moja. Mwaka 2000 BET, iliyoanzishwa na Mmarekani Mweusi, ilikubali kuuzwa kwa Viacom, kampuni kubwa ya vyombo vya habari, kwa takriban dola bilioni 3. Ukiziandika tarehe hizi ubaoni kabla ya taa kuzimwa, maneno ya Ashhurst yatatua kwenye ardhi iliyolimwa.

Lugha ndiyo kikwazo kikubwa. Filamu hii inazungumza haraka, Kiingereza cha mtaani juu ya mdundo. Ule mtindo wa kibanda umiza, mtafsiri akisimulia juu ya sauti, unaweza kuibeba Straight Outta Compton kwa sababu matendo yanaonekana. Kwa Hurt unaua filamu, kwani maneno ndiyo filamu yenyewe. Media Education Foundation, wanaoisambaza kwa ajili ya shule, wana nakala ya maneno yote pamoja na mwongozo wa mjadala. Chukua nakala hiyo, chagua sehemu tano au sita, zitafsiri kwenye karatasi ya ukurasa mmoja, na uwagawie watu mlangoni. Kubalianeni pia mapema kama matusi ya rangi yatatamkwa katika mjadala au la. Msisubiri mtu ayatamke kwa mzaha.

Sauti: usitegemee spika ya ndani ya projekta. Weka spika mbili mbele, kwenye usawa wa masikio ya waliokaa, punguza besi na uongeze sauti za kati, la sivyo mdundo utameza mahojiano. Jaribu ukiwa umesimama safu ya mwisho.

Kisheria, akaunti yako binafsi ya kutazama filamu mtandaoni kwa kawaida ni ya nyumbani tu, na onyesho la hadharani lina masharti ya bodi husika: KFCB kwa Kenya, Bodi ya Filamu kwa Tanzania. Straight Outta Compton ina daraja la R Marekani (aliye chini ya miaka 17 lazima awe na mzazi au mlezi), kwa hiyo usiipeleke kwenye shule ya sekondari ukitumaini hakuna atakayeuliza.

Mjadala ukianza kuteleza kwenda "wasanii wetu nao wanaharibu vijana", usiuzuie, upe kazi. Chagua video tatu zinazovuma wiki hiyo, zionyeshe bila sauti, na kila kikundi kijaze karatasi yenye safu nne: nani anatazama kamera moja kwa moja, nani anaonekana kiwiliwili bila uso, bidhaa gani imeonyeshwa na kwa sekunde ngapi, na mandhari ni ya nani kweli. Kisha rudisheni sauti na mlinganishe na maneno ya wimbo. Kikundi chenye wanafunzi wa historia ya muziki kinaweza kuongezewa swali moja: mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J wa Tanzania alijulikana kwa kurapu kwa Kiswahili juu ya wimbo wa Vanilla Ice, rapa mzungu, wimbo huo ulimfikia kupitia vyombo gani, na ni marapa gani Weusi wa wakati ule ambao havikuwaleta?